Mlinzi Asiyekoroma

"Hao watoto wako wana nini?" mfagiaji aliuliza, kidevu kikiwa juu ya mpini wa fagio. "Tangu nimeingia wanakoroma. Mtu mzima na ndevu zake amekaa kitini, macho kodo, anakoroma kama trekta. Jana walilala wapi?"

Mwenyekiti alicheka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Si usingizi, mama. Ni hadithi."

Walikuwa kwenye korido ya chuo cha ufundi. Upande mmoja kulikuwa na mlango wa karakana, umefungwa. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha kusubiria, mlango wazi, na ndani yake vijana wanane wa mtaa mmoja, mashati yamepigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Kwenye benchi la koridoni alikaa Mwenyekiti, mkoba wake ameukumbatia kama mtoto mwenye homa. Juu ya kichwa chake palibandikwa tangazo: MKUFUNZI HARUHUSIWI KUSEMA NA MTAHINIWA WALA KUINGIA CHUMBA CHA MTIHANI. AKIKIUKA, MTIHANI WA KUNDI LAKE LOTE UTAFUTWA. Alikuwa ameshalisoma mara tisa.

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka ishirini na miwili mwanamke huyu alikuwa fundi umeme, na kwa miaka sita mwenyekiti wa mtaa, na mtaani watu walikuwa wameamua kwamba cheo kinatosha kuwa jina. Yeye ndiye aliyefungua darasa katika ukumbi wa mtaa kwa ajili ya vijana ambao shule ilikuwa imewatema. Hakuwa na vitabu. Alikuwa na mdomo. Aliwahi kumwona kijana mmoja aliyefeli hesabu mara mbili akisimulia sinema nzima kibarazani bila kusahau hata mlango uliofunguliwa, akajiambia: kichwa hiki si kibovu, kimenyimwa tu chakula kinachokipenda. Basi kila somo la umeme akaligeuza hadithi. Fyuzi ikawa bibi mwenye hasira fupi, waya wa ardhini ukawa mjomba anayebeba lawama za ukoo. Vijana wakashika. Wakashika mpaka yeye mwenyewe akaogopa.

Mlango wa karakana ulifunguka. Mtahini akachungulia, mzee mwembamba, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Namba moja!"

Aliyetoka ni yuleyule wa sinema. Mtaani walimwita Fyuzi, kwa sababu alikuwa hachelewi kukatika. Alipompita Mwenyekiti alijua haruhusiwi kusema neno, kwa hiyo akakoroma kidogo puani.

"Una mafua?" mtahini aliuliza.

"Sina, mzee."

"Basi pumua kama watu."

Chumba cha kusubiria kikaangua kicheko. Mlango ukafungwa. Katika karakana ya jirani mtu alikuwa anakata chuma, na mlio wa mashine ulijaza korido kiasi kwamba hata kikohozi cha nyuma ya mlango ule kisingesikika. Waliomaliza walitokea mlango wa nyuma. Hakuna ambaye angerudi kumwambia kulikoni.

"Kiwanda cha mabati kinawasubiri," Mwenyekiti alimwambia mfagiaji, bila kuulizwa. Hofu ikimjaa mtu hutokea mdomoni. "Nafasi nane. Kazi inaanza Jumatatu, cheti mkononi. Wanane kwa wanane, mama, kama vile Mungu amewahesabu."

"Na hiyo hadithi ya kukoroma?"

"Ah, hiyo!" Mwenyekiti alijiweka sawa benchini. Mtu akiombwa hadithi hata mgongo wake hunyooka. "Ndani ya ukuta wa nyumba linaishi joka. Halina sauti, halina harufu, na ukiligusa halikupi nafasi ya kusema samahani. Fundi hana macho ya kuliona. Kwa hiyo ameajiri mlinzi, kijizee chembamba, anayekaa mfukoni mwake. Mlinzi akiliona joka, jicho lake linawaka. Asipoliona, linabaki giza."

"Hiyo ni testa," alisema mfagiaji. "Ile bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini. Ninafagia humo ndani, mwanangu, nazijua."

"Umepata. Sasa, fundi anaitwa nyumba fulani. Anaingia chumbani, anamtuma mlinzi: nenda kaangalie kwenye ule ukuta. Mlinzi anaenda. Kimya. Jicho giza. Fundi anasema, hakuna joka hapa! Anakunja mikono ya shati." Mwenyekiti alikunja yake. "Ananyoosha mkono. Polepole. Kidole kinakaribia waya, kimebakiza unene wa ukucha..." Akanyamaza, kidole kikiwa hewani, mpaka mfagiaji akaacha kupumua. "Mara anasikia: khoooor! Kumbe mlinzi kalala! Fundi anaruka nyuma, ahaa, laana wewe, ungeniua!"

Mfagiaji alicheka mpaka fagio likamponyoka. "Jamani! Mtoto wa watu kaponea chupuchupu!"

"Ukumbi mzima ulisimama, mama. Walipiga makofi mpaka nikaogopa bati."

Mfagiaji aliokota fagio lake. Alifagia mara mbili tatu, kisha akasimama.

"Lakini mwanangu. Kama asingekoroma?"

"Nani?"

"Huyo mlinzi wako. Kuna watu wanalala kimyakimya. Marehemu mume wangu alikuwa hivyo, unaweza kudhani amekufa. Sasa kama asingekoroma, fundi angejuaje?"

Mwenyekiti alianza kukunjua mikono ya shati, akaishia katikati.

Testa haikoromi.

Hivyo sivyo alivyowafundisha. Miezi saba yote hadithi ilikuwa nyingine: fundi humwamsha mlinzi kwanza. Humpeleka mahali ambapo joka linajulikana limefungwa, kwenye soketi yenye umeme ambao hauna ubishi, anamgonga paji la uso mara tatu, anamuuliza, "Mlinzi, uko macho?" Jicho likiwaka pale, ndipo anampeleka chumba chenye giza. Na akitoka huko anamrudisha tena kwenye joka la kwanza, asije akawa amesinzia njiani. Kuamsha, kupima, kuamsha. Hiyo ndiyo iliyomlinda yeye miaka ishirini na miwili.

Iliharibika Jumamosi.

Jumamosi iliyopita aliwaita wazazi ukumbini. Alikuwa na shida moja kubwa, na shida hiyo ilikaa safu ya mbele, mikono imefumbatwa: mwashi mmoja, baba wa mwanafunzi aliyeitwa Kimya, mtu ambaye hata salamu aliipima kwa futi. Binti yake alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote, msichana wa maneno machache ambaye usingejua kama amekuelewa mpaka uone kazi ya mikono yake. Baba alikuwa amekataa kutia saini fomu ya mtihani. "Binti yangu hatachezea nyaya," alisema mlangoni. Basi Mwenyekiti alisimama kusimulia, akaanza na kuamsha mlinzi, na akaona macho ya yule mwashi yanaelekea dirishani. Hadithi ilikuwa inakufa mikononi mwake. Ukimwamsha mlinzi mwanzoni, hakuna hofu. Hakuna hofu, hakuna hadithi. Na ulimi wake, ulimi uliozoea kushinda, ukaruka hatua. Ukampeleka mlinzi gizani moja kwa moja. Ukaweka ule mkoromo mwishoni, papo hapo, kama fundi cherehani anayeficha mpasuko kwa ua.

Mwashi alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi, na alipotoka alitia saini.

Jumapili, Jumatatu, wiki nzima vijana walifanya mazoezi ya hadithi ile mpya, kila mmoja akigombea kuwa mlinzi. Yeye alikuwa anazunguka na barua za kiwanda. Alipowasikia wanakoroma, alifurahi. Alifurahi!

"Namba mbili!" mtahini aliita.

Kijana wa pili akapita, akamkonyezea jicho. Mlango ukafungwa.

"Mama," Mwenyekiti alisema. "Humo ndani. Testa anazowapa ni nzima?"

Mfagiaji alitazama huku na huku. "Ana sanduku. Moja ina doa jekundu kwenye mpini, imekufa siku nyingi, kitaa chake hakiwaki hata uichomeke wapi. Anaipenda kuliko zile nzima. Ndiyo mtego wake." Alishusha sauti. "Usihofu lakini. Ile bodi ya nyaya wanayopimia ina kinga, inakata yenyewe. Mwaka jana alitoka mmoja mkono unacheza kama jani, akanywa maji, akaenda zake. Haiui."

Haiui. Mwenyekiti alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda kile cha mabati. Bodi zake zilikuwa za zamani kuliko yeye, na kinga pekee iliyokuwapo ilikuwa bango la fuvu la kichwa.

Alijaribu kujituliza. Watakumbuka ile ya kwanza, miezi saba ni mingi. Kisha akakumbuka makofi. Ni nani anayekumbuka somo la miezi saba mbele ya hadithi iliyosimamisha ukumbi? Yeye mwenyewe, dakika tano zilizopita, alipoombwa hadithi ya mlinzi, alitoa ipi?

Na akiingia mle, mtihani unafutwa. Wote wanane. Jumatatu nafasi zinakwenda kwa wengine, na wazazi walishaanza kusema "mwanangu wa kiwandani" kana kwamba ni ubini. Akikaa, pengine watatu watapita, pengine wanne. Atawasahihisha kesho. Atawasahihisha kabla ya Jumatatu. Kwani kuna ubaya gani? Lakini alijijua. Kesho atasimama vipi mbele yao aseme ile hadithi yangu tamu ilikuwa na sumu, wakati wameshika vyeti?

"Namba tatu!"

Kimya alitoka chumbani. Alipita karibu kiasi kwamba Mwenyekiti alisikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. Neno moja tu lilitosha. *Amsha.* Lilikuwa limeshafika nyuma ya meno. Mtahini alikuwa amesimama mlangoni, miwani puani, anamtazama yeye, si binti.

Akalimeza. Mlango ukafungwa.

Aliwaza baba yake Kimya akifuta machozi ya kicheko. Aliwaza mkono wa yule binti, vidole virefu visivyotetemeka, vikinyooka kuelekea bodi ya zamani siku moja isiyo na jina, kiwandani, huku sikio limetegwa kusubiri mkoromo.

"Nishikie mkoba, mama."

"Unakwenda wapi? Mwanangu, tangazo!"

Alisukuma mlango.

"Zima umeme!" alisema, na kwa kuwa mashine ya jirani ilinyamaza sekunde ileile, maneno yalitoka kama amri ya jeshi. "Mzee, zima umeme. Nimewafundisha vibaya."

Mtahini aliruka kutoka kitini. "Mama! Huoni tangazo?"

"Nimeliona. Mara tisa. Zima."

Ndipo alipomwona Kimya. Binti hakuwa mbele ya bodi. Alikuwa kando kabisa, karibu na dirisha, ameinama kwenye soketi mbili za ukutani zinazolishwa na waya mmoja. Soketi moja ilikuwa inazungusha feni. Katika ya pili alikuwa amechomeka testa yenye doa jekundu, na kitaa kilikuwa giza. Feni inazunguka, kitaa giza. Aliinuka, akainyoosha testa kwa mtahini.

"Mzee, hii imekufa," alisema taratibu. "Nilikuwa nataka kuomba nyingine."

Feni ilipuliza karatasi za mtahini, naye akazizuia kwa kiganja.

"Dakika moja, mama," alisema mwishowe. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungengoja dakika moja, binti huyu angekuwa na cheti. Ndiye wa kwanza leo kupatia."

"Na wale wawili?"

"Walipima kwenye bodi moja kwa moja. Kitaa hakikuwaka, wakaingiza mkono. Kinga ikakata. Yule wa kwanza alipiga kelele, nikadhani filimbi." Alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nimetahini miaka mingi, nimeona kila aina ya ujinga. Lakini hawa wawili walinitatiza. Kabla ya kuingiza mkono, wote walisimama wakatega sikio. Hivi. Nikajiuliza, wanasikiliza nini hawa?"

Mwenyekiti alijua.

"Waliobaki wangefeli, wangejifunza, wangerudi mwakani," mtahini aliendelea. "Hukuwa na haja ya kuingia."

"Na kama leo ungewapa testa nzima?"

Mzee alilielewa swali mara moja, Mwenyekiti aliona. Kwa testa nzima wangepita wote, na Jumatatu wangeingia kiwandani na cheti mfukoni na kosa mikononi.

Alivaa miwani, akavuta karatasi. "Nitaandika mtihani umefutwa. Nitaandika pia sababu, kama ulivyoisema, na kwamba umeisema mwenyewe. Wakubwa wataamua kama warudie wiki ijayo au mwakani. Kiwanda si changu. Lakini jina lako katika daftari la wakufunzi, mama, hilo sitalitetea."

"Sikukuomba ulitetee."

"Najua," alisema mzee, huku anaandika. "Ndiyo maana nakwambia."

Nyuma ya karakana kulikuwa na ngazi za zege zilizoelekea uwanjani. Walikusanyika hapo wote wanane, na habari ikasemwa. Mwenyekiti aliisema yote, ya Jumamosi, ya mwashi, ya makofi. Alipofika mwisho hakuongeza samahani hata moja, kwa sababu alihofu wangemsamehe haraka.

Fyuzi alikuwa wa kwanza kukatika. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa leso. "Kwa hiyo mimi nimepigwa na umeme kwa sababu baba yake Kimya hakucheka?"

"Ndiyo."

"Mwenyekiti! Nilisimama pale nikategea mkoromo kama zuzu! Nikasema mbona hakoromi, basi yuko macho!" Alinyanyua mguu wenye kiatu kipya. "Mama ameshawaambia majirani. Ameshaniambia nisivae viatu hivi mpaka Jumatatu."

Mwingine aligeuka akatazama ukuta.

"Mimi nilijua," alisema Kimya.

Wote wakageuka. Kumsikia Kimya akisema pasipo kuulizwa ni kama kusikia kabati likisema.

"Jumamosi ileile nilijua. Nyumbani niliwasimulia wadogo zangu, nikairudisha ilivyokuwa. Mlinzi anaamshwa kwanza."

"Mbona hukuniambia?" Mwenyekiti aliuliza.

Binti alitazama viatu vyake. "Baba alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona anacheka kwa jambo langu. Halafu wewe ni Mwenyekiti. Mtaa mzima umesimama unakupigia makofi, mimi ninyooshe mkono niseme umekosea?"

Maneno hayo yaliingia mahali ambapo hata ya mtahini hayakufika. Miaka sita ya uongozi, na hakuna aliyewahi kumwambia kaa chini. Alikuwa anadhani ni heshima.

Saa kumi wazazi wangekuwa ukumbini wanasubiri habari. Mwashi angekuwa safu ya mbele. Angewaambia nini? Angeanzia wapi?

"Simulia wewe," alimwambia Kimya. "Hapa. Sasa. Kama ulivyowasimulia wadogo zako. Saa kumi utasimulia ukumbini, na mimi nitakaa na wazazi."

"Baba atakuwepo."

"Najua."

Kimya alisimama ngazi ya chini, mgongo kwenye ukuta, akajipanga mpaka Fyuzi akasonya. Kisha akasema, "Nataka mlinzi."

Wiki nzima walikuwa wanagombea kuwa mlinzi. Leo kila mmoja alitazama pembeni. Mwenyekiti akashuka ngazi mbili, akakaa kwenye zege miguuni pa yule binti, akafumba macho.

Gizani mle alisikia hadithi ikianza, kwa sauti ndogo isiyo na mbwembwe. Joka lipo. Halina sauti. Fundi hana macho ya kuliona. Hakukuwa na vichekesho. Alisubiri mahali ambapo yeye angeweka kituo, ambapo angenyanyua sauti, na Kimya akapapita bila hata kupatazama. Hata hivyo hakuna aliyekohoa. Kisha kidole kikavu kikamgonga paji la uso, mara tatu, kwa nguvu kuliko alivyotarajia.

"Mlinzi, uko macho?"

"Niko macho."

"Kila mlinzi husema hivyo," alisema Kimya. "Umeona nini?"

Hilo halikuwamo katika hadithi yake. Lilikuwa la huyu binti mwenyewe. Mwenyekiti alifumbua macho. Mbele yake kabisa, juu ya goti, kulikuwa na leso iliyofungwa kwa fundo baya.

"Nimeona mkono wa Fyuzi," alisema.

Kimya alimtazama kama mtu anayetazama kitaa cha testa. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaendelea na hadithi, na hakuna aliyekoroma.